Kura ya Baba Yako

Idete,
Kupitia Ifakara.
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Oliva,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako uliyomtuma Restuta nimeipokea, marahaba sana. Habari za Bukoba? Mume wako Steven hajambo? Na mjukuu wangu Beno, kile kikohozi kimemwachia? Nilimwombea kwenye misa ya Kupalizwa Mbinguni, nikamtajia Bikira Maria jina lake mara mbili asije akamchanganya na Beno mwingine. Natumaini wote mko wazima, na kwamba unapata wali angalau siku moja kwa wiki, maana nasikia huko kwa wakwe zako ndizi ndiyo chakula na wali ni kitu cha kumwonjesha mgeni. Pole, mwanangu. Ndoa ina majaribu yake.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Goti langu la kushoto linanisumbua nikichuchumaa, basi napalilia nimeinama kama bata anayetafuta kitu. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, wote majike. Kanisa la kigango limeezekwa upande wa wanawake tu, mabati yakaisha, kwa hiyo wanaume wanasali wakipigwa jua. Tumewaambia ni malipizi ya dhambi zao.

Mpunga wa kiangazi umeshika vizuri kwa sisi tulio juu ya mfereji. Wa walio mkiani sitaki kuutaja hapa mwanzoni, nitaufikia.

Utashangaa kuona barua. Siku hizi nani anaandika barua, na vocha zinauzwa hadi kwa muuza dagaa? Lakini nililonalo halisemeki kwenye simu. Ningeanza kulia, vocha ingeisha, ungebaki na nusu ya jambo, na nusu ya jambo ni mbaya kuliko jambo zima. Tena nimeagizwa kuandika. Aliyeniagiza ni baba yako. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unaikumbuka siku ulipoondoka. Pale stendi ya Ifakara, basi likiwa limeshawashwa, ulinishika mkono ukaniambia, "Shangazi, macho ya baba nakuachia wewe." Tangu mama yako afariki wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea kadi ya kliniki, ukimhesabia vidonge, ukimwekea alama kwenye karatasi ya kura za chama chetu cha mfereji. Nilikujibu kwa mzaha kwamba hata macho yangu mwenyewe yanadai miwani. Lakini nilikubali. Ulipanda basi ukiwa na amani kwa sababu mimi nilikubali.

Mwaka uleule, Agosti 2021, chama chetu cha Tujikaze kilichagua mwenyekiti. Waliogombea walikuwa wawili, Beatus na Hilari. Unajua mwenyewe uenyekiti wa Tujikaze si cheo cha kuvalia koti tu. Mwenyekiti ndiye anayepanga zamu za maji, na kiangazi bila zamu ya maji huna jaruba, una uwanja wa mpira.

Niliingia na baba yako kule kwenye pazia. Aliinama akaniambia sikioni, "Hilari." Neno moja tu. Nilichukua kalamu nikaweka tiki kwa Beatus.

Nimeliandika hilo, utaona herufi zilivyokwenda upande. Aliniuliza kama tayari, nikasema tayari, kaka. Nikaikunja ile karatasi nikampa. Yeye mwenyewe akapapasa tundu la sanduku, akaitumbukiza, akaligonga sanduku kwa kiganja mara mbili, akatabasamu.

Usidhani shangazi yako alihongwa. Afadhali ningehongwa, ningekuwa na kisingizio cha njaa. Ilikuwa hasira tu. Maksai wa Hilari walikuwa wameingia kwenye kitalu changu cha miche mwezi mmoja kabla, wakakikanyaga chote, na mwenyewe akawa ananipita njiani akinisalimia kwa furaha kama vile kitalu kilikanyagwa na mvua. Beatus kwa upande wake alikuwa akisoma masomo kanisani, ana sauti nzuri, shati limepigwa pasi. Nikajisemea moyoni kwamba kaka hajaona kitalu changu kilivyofanywa, angeona asingemtaja Hilari. Naam, niliwaza hivyohivyo: haoni. Kana kwamba watu wanachagua kwa macho.

Kura zilihesabiwa. Beatus sitini na moja, Hilari hamsini na tisa. Ungeichukua ile moja kutoka huku ukaiweka kule ilikotakiwa, wangelingana sitini kwa sitini, tungerudia. Labda Beatus angeshinda tu hata tungerudia, sijui. Hesabu hiyo nimeipiga nikipepeta, nimeipiga nikisali rozari, haijawahi kutoa jibu jingine.

Siku ile njiani baba yako alikuwa amenishika bega, anatembea haraka kama kawaida yake. Akaniambia, "Tumeshindwa kidogo sana, Digna. Lakini neno letu lilikuwamo." Nilisema angalia, kuna shimo. Hapakuwa na shimo.

Yaliyofuata uliyasikia kwa simu, ila hukujua mzizi wake. Beatus alipanga siku nne za maji kwa walio juu na siku moja kwa walio mkiani, na hiyo siku moja malango ya juu yalikuwa yakivuja usiku na mchana. Mimi niko juu. Baba yako yuko mkiani. Kiangazi cha mwaka uliofuata nilivuna magunia ambayo sijawahi kuvuna tangu tuhame upande wa Mahenge, na majaruba ya baba yako yakakauka mpunga ukiwa na mimba.

Ni mimi niliyempeleka akayaone. Nasema akayaone, yeye mwenyewe husema hivyo. Alipiga magoti akaingiza kiganja kizima kwenye ufa wa udongo, akakiacha humo muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nimeshika fimbo yake. Nilimpelekea magunia matatu kutoka kwangu, naye akaniambia Mungu akuzidishie, dada yangu. Alinishukuru, Oliva, kwa mpunga uliomea kwa maji yake.

Na bado kuna baya zaidi. Watu walianza kumnong'oneza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba kuna mtu wa mkiani aliyeuza kura kwa watu wa juu. Baba yako akaanza kumshuku Polikarpo, rafiki yake yule wa baiskeli ya miguu mitatu, kwa sababu Polikarpo alionekana akinywa togwa nyumbani kwa Beatus. Togwa tu! Mwaka mzima baba yako hakumsalimia. Polikarpo alikuwa akipita hapa mbele anapiga kengele ya baiskeli yake, na baba yako anageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia ile kengele. Neno langu moja lingewapatanisha, nikalimeza.

Sasa nije kwenye ya mwaka huu. Mwezi wa saba tuliitwa ghalani kupanga uchaguzi mpya. Beatus na Hilari walewale. Katibu wetu Nikodemu akasoma utaratibu, akafika pale panaposema wanachama wenye ulemavu watasaidiwa na ndugu zao kama kawaida, akageuza ukurasa. Baba yako akainua fimbo.

Alisimama akasema, "Ninamshukuru dada yangu, hajawahi kunichoka. Lakini mwaka wa kumi na tisa huu sijui kama neno langu linafika kwenye sanduku. Ninaambiwa limefika. Nataka nijue mwenyewe kabla sijafa."

Ghala zima likanigeukia. Kwanza nilikasirika, nakiri, nikasema moyoni hii ndiyo shukrani ya kumfulia na kumpikia? Halafu nikaogopa. Nikamtazama usoni kama anajua, lakini uso wake ulikuwa umetulia, umeelekea mlangoni kunakotoka hewa.

Kulikuwa na afisa wa ushirika siku hiyo, binti mdogo mwenye miwani, mpole. Akaeleza kwamba kwenye uchaguzi mkuu kuna kifaa chenye nukta nundu, karatasi inawekwa ndani, asiyeona anapapasa anaweka alama yake mwenyewe. Chama kidogo kama chetu hakina. Baba yako akamwambia hata kingekuwepo, nukta nundu hajafundishwa, macho yake yaliisha kwa ugonjwa wa usubi akiwa mtu mzima mwenye mke. Akasema, "Mimi vidole vyangu vinasoma mbegu tu. Nipeni mbegu."

Hapo ndipo lilipoanza. Alitaka kila mgombea awe na mbegu yake. Mpigakura apewe punje mbili, moja ya huyu na moja ya yule, aingie kwenye pazia, anayoitaka aitumbukize kwenye ndoo ya kura, asiyoitaka kwenye ndoo ya makapi. Afisa alifurahi. Akasema kanuni zinataka siri, hazikutaja karatasi. Akapendekeza basi baba yako, mzee Wendelin kama alivyomwita, apige kwa mbegu na wengine waendelee na karatasi.

Baba yako akacheka. Akamuuliza, "Binti yangu, mkifungua ndoo mkakuta punje moja, mtasema ni ya nani?"

Ndipo Polikarpo akapiga kengele ya baiskeli yake pale mlangoni, maana ndani hawezi kuingia, ghala lina ngazi tatu. Akasema miaka yote yeye anabebwa mikononi kama gunia kwenda kupiga kura, na aliyembeba anasimama palepale akisubiri kumrudisha, huku anachungulia. Akasema kama ni mbegu basi iwe mbegu kwa wote, na ndoo ziwekwe chini kwenye banda la mashine, si ghalani. Alimtetea baba yako aliyemnyima salamu mwaka mzima, tena kwa sababu yangu.

Walipinga baadhi. Restuta alisema watoto wetu wakisikia tunapigia kura mahindi watatucheka. Lakini mikono ilipoinuliwa, mbegu zikashinda. Halafu yakaja mabishano ambayo nadhani yanaweza kutokea Idete peke yake: wagombea wote wawili walitaka kuwa mpunga. Beatus alisema mpunga ni wa mwenyekiti aliyepo. Hilari alisema yeye ndiye mwenye mpunga mwingi wa kupoteza. Walibishana mpaka saa saba, na kila mtu alijua sababu. Nani katika bonde hili atatupa punje ya mpunga kwenye ndoo ya makapi? Mkono wenyewe unakataa. Mwisho afisa akaamua mpunga usiwe wa mtu. Hilari akapewa hindi, Beatus akapewa kunde. Beatus alinuna, akasema kunde ni ndogo.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe kumi na saba, tukapiga kura. Banda la mashine lilifagiliwa, pazia likawa kitenge changu cha harusi ya Levina, ndoo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa. Polikarpo aliingia mwenyewe akisukuma kwa mikono yake, akatoka mwenyewe, akazunguka uwanja mara moja bila sababu.

Baba yako alipofika mlangoni nilimwachia bega langu. Nilijua hatua ni nne hadi kwenye ndoo, kwa sababu tulikuwa tumezihesabu pamoja. Niliona miguu yake chini ya kitenge. Ilisimama muda mrefu, kisha ikageuka. Alitoka akicheka peke yake, mkono mmoja mfukoni. Sijamwona akicheka hivyo tangu mama yako akiwa hai. Nikamuuliza, "Imekuwaje, kaka?" Akanijibu kama msimamizi wa uchaguzi, "Mama, kura ni siri." Watu wakaangua kicheko.

Mimi nilipoingia nilitumbukiza hindi, la Hilari. Nilidhani ninarekebisha, kwamba naiweka leo ile kura aliyoniagiza mwaka ule. Nilipotoka nje nikashtuka. Nimejuaje kwamba bado anamtaka Hilari? Miaka mitatu imepita, hajaniambia. Nilikuwa nimempigia kura tena bila kumwuliza.

Hesabu ilifanyika nje juu ya turubai, na kuku wa Bibiana wakavamia makapi. Tulipiga makelele, tukawafukuza kwa kanga na kofia. Ndoo ya kura ilikuwa na punje mia moja na kumi na nane, sawasawa na watu waliohudhuria. Makapi yalipungua punje moja, na lawama zikawaangukia kuku. Bibiana alikasirika, akasema kuku wake wamelelewa vizuri.

Beatus ameshinda tena, kwa kura sitini na nane. Ameahidi mkiani watapata siku mbili. Ahadi si maji, tutaona.

Nilidhani baba yako atasononeka. Hakusononeka. Jioni ile alimwita Polikarpo kwa jina lake, kwa sauti kubwa, akamwomba msamaha mbele yangu kwa kumshuku mwaka mzima. Polikarpo akasema yameisha. Wakaanza kuulizana, kama wazee wawili wasio na haraka, ni nani basi aliyeuza ile kura. Mimi nilikuwa namimina uji. Kikombe kikafurika, uji ukanichoma mkono, na wala sikupiga kelele.

Jumatatu asubuhi nilimwambia. Alikuwa amekaa kibarazani akisuka mkeka, milala imelowekwa kwenye beseni miguuni pake. Nilimwambia yote, kitalu, maksai, tiki. Nililia sana, sitakuficha. Mikono yake ilisimama. Nilitamani anitukane, nilitamani anipige na ile fimbo, angalau ningejua nimefika wapi.

Akaniuliza, "Na meseji za Oliva unazonisomea?"

Nikasema ni za kweli, kaka, zote. Akauliza kadi ya kliniki. Akauliza karatasi ya shamba aliyoiwekea dole gumba mwaka juzi. Nikaapa kwa jina la mama yetu. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionikata maini, "Unaona shida yako, Digna. Hata ukisema kweli sasa, siwezi kuiona."

Tangu siku hiyo kila kitu kinasomwa mara mbili. Ninamsomea mimi, halafu anamwita mwalimu Aurelia wa jirani amsomee tena. Vidonge vyake anavipeleka kwa Aurelia avihesabu. Akitaka kwenda kisimani anafuata kamba aliyoifunga mwenyewe kutoka nguzo ya nyumba. Chakula changu anakula, ananishukuru, haniinulii sauti. Bega langu halishiki. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Miaka mitatu nilimfanya asijue cha kuamini, sasa siku sita tu nami zinanitosha.

Nilipomwambia nitakupigia simu nikueleze, alikataa. Akasema, "Mwandikie. Kwa mkono uleule." Akasema pia barua isifungwe mpaka Aurelia amsomee.

Basi nimeandika. Sikuombi uniambie kwamba ni jambo dogo, maana najua wewe ni mpole na utajaribu. Ulinipa kitu pale stendi nami nikakitumia kama cha kwangu. Nakuomba radhi, Oliva. Nimekwishamwomba yeye, nimekwenda kwa padri, na Hilari nimemwomba, akacheka, akaniomba na yeye radhi kwa kitalu, nikabaki nimeduwaa njiani. Umebaki wewe.

*

Mpaka hapo juu ndipo Aurelia alipomsomea baba yako, leo baada ya misa. Haya ya chini nimeyaandika sasa hivi, na hayajui.

Alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Penye ndizi za wakwe zako alicheka. Penye kuku wa Bibiana alicheka zaidi, mpaka akakohoa. Penye shimo ambalo halikuwapo aliinua mkono, Aurelia akaacha kusoma mpaka baba yako alipoashiria aendelee. Aurelia alipomaliza alimshukuru, akamwachia aende nyumbani. Mimi nilibaki nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu.

Akatia mkono kwenye mfuko wa lile koti lake la kanisani, alilolivaa siku ya kura, akatoa kitambaa kidogo, pembe ya leso, kimefungwa uzi wa milala mafundo matatu. Mafundo yake nayajua, hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo. Akasema, "Hii ni ya Oliva. Tia kwenye bahasha. Usifungue." Akanyoosha mkono, akasubiri mpaka nilipokipokea.

Ndipo nikaelewa kwamba kuku wa Bibiana hawakuwa na hatia.

Kile kitambaa kina punje aliyotoka nayo mfukoni siku ile, ile asiyoitaka. Ukiiona, utajua aliitumbukiza ipi. Anataka mtu mmoja duniani ajue, na amekuchagua wewe. Na wa kukuletea amenichagua mimi.

Kiko hapa mezani mbele yangu. Ni chepesi, kitambaa chenyewe ni chembamba kwa kufuliwa. Sina haja hata ya kufungua. Ukikibana kwa vidole viwili tu utajua kama ni hindi au kunde, na mimi ni mkulima, ningejua upesi kuliko wewe. Nimekishika kwa uzi tangu mkononi mwake mpaka hapa mezani. Nakitia kwenye bahasha kwa kukishika uzi hivyohivyo.

Levina anakusalimu, amejifungua salama, ni mtoto wa kike. Polikarpo anakusalimu na kengele yake. Bibiana anasema umwambie Steven bado hajasahau ahadi ya kahawa. Aurelia anamsalimu Beno, na mimi nambusu utosini. Mungu awalinde huko ziwani, awape afya na usingizi mwema, na amlaze mama yako mahali pema, yeye ambaye hakuwahi kumwekea baba yako alama asiyoitaka.

Bahasha ikikufikia, usinipigie mimi kwanza. Mpigie baba yako, simu yake anapokea mwenyewe. Mwambie mafundo yalikuwa matatu, na kwamba umeyafungua wewe.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata kama safari hii sina la kujivunia,

Digna